Nimeandika fani saba kwenye wasifu, lakini kazi za tafsiri ya Kijapani haziji

SWALI

Shikamoo Mshauri,

Naishi Chuno, Mtwara mjini. Nafasiri Kijapani kwenda Kiingereza na Kiswahili, na nimefaulu mtihani wa kimataifa wa Kijapani, JLPT, daraja la N2, ambalo ni la pili kutoka juu baada ya N1. Kabla ya hapo nilifanya kazi miaka minne kwenye maabara ya ghala linalonunua ufuta na korosho: kupima unyevu, kuchambua uchafu kwenye sampuli, kupeleka sampuli za sumukuvu na kuandaa vyeti vya mzigo unaokwenda nje.

Sasa natafuta kazi za kujitegemea kutoka kampuni za tafsiri. Kwenye wasifu nimeorodhesha fani saba: hataza (hati za kulinda uvumbuzi), sheria, tiba, magari, chakula, michezo ya kompyuta na utalii. Niliona nikiandika nyingi nitafunguliwa milango mingi. Nimepewa majaribio mawili na yote nimeanguka. La kwanza lilikuwa ukurasa wa hataza ya pampu, mkaguzi akaandika tu kwamba istilahi hazishikamani. La pili lilikuwa mkataba wa ugavi. Humo niliambiwa neno "ijō" nimelifasiri vibaya, "mata wa" na "moshikuwa" nimezichanganya, na kiasi cha oku 3 na man 5,000 nimekiandika milioni 35. Kampuni ya tatu haikunipa hata jaribio. Iliuliza tu: ubobezi wako hasa ni upi?

Nichague fani ipi? Wenzangu wanasema hataza ndiko kwenye pesa. Kiswahili kina soko, au nibaki na Kiingereza? Bei ya herufi naipangaje? Na kwa kuwa siku hizi mashine zinafasiri, kubobea kuna maana tena? Mwisho, watu wa hapa mjini huniletea karatasi za minada ya magari ya Japani niwasomee. Hiyo nayo ni fani?

Mfasiri wa Chuno

JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Ile kampuni ya tatu ilikuuliza ubobezi wako ni upi, na jibu umeliandika mwenyewe mwanzoni mwa barua: miaka minne ya maabara ya ufuta na korosho. Fani yako ni chakula. Zile sita zilizobaki zifute kabla hujatuma wasifu mwingine hata mmoja.

Meneja wa miradi akipokea kazi hafungui wasifu wa watu mmoja mmoja. Anaingia kwenye orodha yake na kuchuja kwa lugha na kwa fani. Mtu mwenye fani saba na asiyeonyesha alikozipata huwa ameshaachwa. Na meneja ana haki, kwa sababu ubobezi katika kazi hii maana yake ni kulijua jambo lenyewe kiasi kwamba sentensi ikiwa na walakini unashtuka kabla ya kufungua kamusi. Kijapani kinadai hilo sana. Huacha kutaja mtenda, nomino zake hazionyeshi wingi, na ukanusho hukaa mwishoni kabisa mwa sentensi. Ukikutana na maneno mawili tu, "kensa-go shukka", yaani kusafirisha baada ya ukaguzi, sarufi haikuambii nani anakagua, wala kama ni gunia moja, shehena moja au mzigo wote. Aliyewahi kusimama ghalani na kichomeo cha sampuli mkononi anajua jibu linatafutwa wapi.

N2 yako ni kitu kizuri, ila ujue inasema nini na haisemi nini. JLPT hupima msamiati, sarufi, kusoma na kusikiliza. Haina sehemu ya kuandika wala kuzungumza. N2 hupatikana kwa alama 90 kati ya 180 na N1 kwa alama 100, na katika kila moja ya sehemu tatu usishuke chini ya 19. Kwa hiyo cheti kinamwambia mteja kwamba unasoma, hakimwambii kwamba unaandika Kiswahili au Kiingereza safi. Hata hivyo jiandae na N1, maana kampuni nyingi huitumia kama chekeche la kwanza. Kwa upande wetu huu, Nairobi ndiko karibu kunakofanyikia mtihani, mwezi Desemba.

Sasa makosa yako ya jaribio la mkataba. Nayakalia kwa kirefu kwa sababu si ya kisheria peke yake, yatakufuata hata kwenye chakula.

Kijapani huhesabu kwa makundi ya tarakimu nne. Man ni elfu kumi, oku ni milioni mia, chō ni trilioni. Sisi wa Kiswahili tuna laki, na laki inasaidia: man 10 ni laki moja, man 100 ni milioni moja. Oku 3 ni 300,000,000. Man 5,000 ni 50,000,000. Jumla 350,000,000. Wewe uliishusha mara kumi, na kwenye mkataba kosa hilo moja linatosha kukuangusha hata kama kurasa zingine zote ni safi. Dawa yake ni kuandika sifuri zote kwanza (oku ina nane, man ina nne), kisha ndipo uweke mikato. Kazi ikiisha, pitia mara moja ukisoma namba peke yake, chanzi (maandishi ya Kijapani unayoyafasiri) kushoto na tafsiri kulia, bila kugusa neno lolote.

Miaka nayo ina mtego wake. Nyaraka nyingi hutumia enzi za wafalme wa Japani: mwaka wa Reiwa uongeze 2018, wa Heisei uongeze 1988, wa Shōwa uongeze 1925. Heisei 30 ni 2018, Reiwa 6 ni 2024. Na "nendo" ni mwaka wa hesabu unaoanza Aprili, hivyo nendo ya 2023 inamalizika tarehe 31 Machi 2024.

"Ijō" inaijumuisha namba yenyewe. Siku 30 ijō ni siku 30 au zaidi. Anayetaka kusema zaidi ya 30 hutumia "koeru". Upande wa chini ni vivyo hivyo: "ika" inaijumuisha namba, "miman" haiijumuishi. Lipeleke hilo ghalani ulione uzito wake. Masharti yakisema unyevu asilimia 6 ika, mzigo uliopima 6 kamili unapita. Yakisema miman, unarudishwa. Tofauti ya neno moja ni lori zima.

"Mata wa" na "moshikuwa" zote ni "au", lakini ziko ngazi mbili. Moshikuwa hufunga kundi la ndani, mata wa hutenga makundi makubwa. A moshikuwa B, mata wa C, maana yake A na B wako chumba kimoja, C yuko cha pili. "Oyobi" na "narabini" hufanya hivyohivyo kwa "na": oyobi ya ndani, narabini ya nje. Kiswahili hakina ngazi hizo, kwa hiyo usilazimishe kwenye sentensi moja. Vunja kwa (a) na (b). Ukitaka kuzizoea, tovuti ya tafsiri za sheria ya Wizara ya Sheria ya Japani, iliyopo tangu 2009, inakupa vifungu vya Kijapani na Kiingereza sambamba, bure. Wiki mbili hapo zinatosha kwa mahitaji yako. Hukusudii kuwa mfasiri wa mikataba, unataka kifungu cha mkataba kikikukuta ndani ya nyaraka za ufuta kisikuangushe.

Kuhusu hataza, wenzako hawasemi uongo. Kazi ipo na haikatiki, kwa sababu kampuni za Japani huomba ulinzi wa uvumbuzi wao katika nchi nyingi na kila ombi linahitaji tafsiri. Lakini jua kwa nini ulianguka. Kila dai la hataza, yaani kifungu kinachotaja kinacholindwa, ni sentensi moja, hata likijaza ukurasa, na kila kipande cha kifaa kina jina moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukikiita kishikio kwenye dai la kwanza na mkono kwenye la tatu, mwanasheria atauliza kama ni vipande viwili tofauti, na mpaka wa ulinzi wote unayumba. Ile hulka nzuri ya shuleni ya kutorudia neno, hapa ni kosa. Isitoshe, pampu huijui kwa ndani. Hataza utaziingia baadaye kwa mlango wako mwenyewe: katika uainishaji wa kimataifa wa hataza, vyakula vipo kundi la A23, na ukamuaji wa mafuta kutoka kwenye mbegu upo C11B. Fungua J-PlatPat, hifadhi ya bure ya hataza za Japani, utafute mafuta ya ufuta, usome madai kumi tu. Utaona kwamba jambo lenyewe unalielewa, na kilichobaki ni mtindo.

Tiba iache. Bila elimu ya afya, kosa lako halitaonekana mpaka limfikie mgonjwa. Michezo ya kompyuta na utalii zina watu wengi mno wanaozigombea, na huko hakuna lolote la maabara linalokutofautisha nao.

Twende kwenye chakula. Japani hununua nje karibu ufuta wake wote, na Tanzania ni mmoja wa wauzaji wake wakubwa. Ufuta wa Lindi na Mtwara unapovuka bahari hufuatwa na karatasi, na karatasi hizo ndizo kazi yako. Ya kwanza ni kikakusho, hati ya sifa za bidhaa. Ya pili ni kensa seisekisho, cheti cha matokeo ya uchunguzi. Halafu kuna taarifa za malalamiko, ambazo msamiati wake mkuu ni "ibutsu konnyū", yaani kitu kigeni kuingia kwenye chakula, na "saihatsu bōshi", kuzuia lisitokee tena. Kuna orodha za ukaguzi wa viwanda, maana tangu Juni 2021 wafanyabiashara wa chakula Japani kwa jumla wanatakiwa kisheria kufuata HACCP, mfumo wa kubaini na kudhibiti hatari za usalama wa chakula. Na kuna lebo.

Kwenye cheti cha uchunguzi ndipo wafasiri wa jumla huteleza zaidi. "Fukenshutsu" si "hakuna". Ni "haikugunduliwa", na kando yake hukaa "teiryō kagen", kiwango cha chini ambacho kipimo kinaweza kukipa namba. Wewe uliyepeleka sampuli unajua tofauti. Asiyejua ataandika kwamba dawa ya kuua wadudu haimo, na hapo amemtolea mteja dhamana ambayo maabara haikuitoa. Viwango navyo vijue kwa kichwa. Tangu Mei 2006 Japani inatumia mfumo ambao kila kiuatilifu kisichowekewa kikomo chake kwenye zao husika hupimwa kwa kikomo kimoja cha 0.01 ppm (sehemu kwa milioni). Sumukuvu, kwa jumla ya aina zake nne B1, B2, G1 na G2, ni mikrogramu 10 kwa kilo, tangu 2011. Ukikuta tafsiri yako inasema 0.1 au miligramu 10, usimalize sentensi, rudi kwenye chanzi.

Majina ya ufuta pekee ni somo. Arai goma ni ufuta uliooshwa, haujapikwa. Iri goma umekaangwa. Suri goma umesagwa, neri goma umesagwa hadi ukawa rojo, muki goma umetolewa ganda. Ukiziandika zote "ufuta", mnunuzi hajui analetewa mbegu au rojo. Kwenye korosho, shibukawa ni ile ngozi nyembamba inayobaki baada ya kubangua, si ganda gumu la nje, ambalo wao huliita kara. Waliozaliwa maeneo ya korosho hawawezi kukosea hapo wakishaonyeshwa mara moja, na huo ndio utajiri ulioukalia.

Lebo zina tarehe mbili. Shōmi kigen ni tarehe ambayo hadi hapo ubora na ladha vinahakikishwa. Ikipita, chakula si lazima kiwe kimeharibika. Shōhi kigen ni tarehe ambayo baada yake kisiliwe. Ukizibadilishana, mmoja atatupa chakula kizuri na mwingine atakula kibovu. Kuhusu mzio, mwaka 2013 korosho na ufuta viliongezwa kwenye orodha ya vyakula ambavyo wenye viwanda wanashauriwa kuvitaja. Orodha hizi hubadilika, kwa hiyo kila kazi ya lebo ikija soma kwanza toleo la siku hiyo kwenye tovuti ya wakala wa serikali ya Japani unaosimamia masuala ya watumiaji.

Jipe wiki kumi na mbili za kujenga. Kila siku chukua herufi 400 za Kijapani kutoka kwenye ukurasa ambao una tafsiri yake rasmi, kwa mfano maelezo ya Wizara ya Afya, Kazi na Ustawi ya Japani kuhusu chakula kinachoingizwa nchini, au tovuti za viwanda zilizo katika lugha mbili. Fasiri bila kuchungulia, kisha linganisha. Kila kosa liandike kwenye daftari chini ya kichwa chake: niliruka, namba, istilahi, maana, mtindo. Baada ya mwezi utaona kichwa kimoja kinajaa kuliko vingine. Hapo ndipo pa kufanyia mazoezi. Sambamba na hilo jenga faharasa kwenye jedwali lenye safu sita: Kijapani, matamshi, Kiingereza, Kiswahili, ulikolipata neno, na angalizo. Istilahi 300 zilizothibitishwa zinakutosha kuanza. Programu ya OmegaT ni ya bure na hutunza kumbukizi ya tafsiri (sentensi ulizokwisha kufasiri pamoja na chanzi chake) katika faili za TMX, ambazo hata programu za kulipia huzisoma, kwa hiyo kazi yako ya leo haitapotea ukija kubadilisha programu kesho. Mwishoni andaa kurasa tatu za mfano, kila aina ya hati ukurasa mmoja, kutoka nyaraka zilizo wazi kwa umma. Kamwe usitumie hati ya mteja.

Mambo mawili madogo ya kompyuta yanayoangusha watu. Faili la maandishi likifunguka na alama zisizoeleweka, usilihifadhi. Lifunge, ulifungue upya ukichagua usimbaji wa Shift-JIS, namna mojawapo ya kompyuta kuhifadhi herufi za Kijapani. Ukihifadhi katika hali ile unaweza kuharibu chanzi chenyewe. Na kabla ya kutuma, tafuta tarakimu, mabano na nukta za upana kamili wa Kijapani (pana kuliko zetu) zilizobaki ndani ya tafsiri. Mkaguzi huziona kwa mtupo mmoja wa jicho, na zinamwambia hukupitia kazi yako.

Kiswahili kina soko, ila dogo, na nyaraka nyingi za Japani zinazofika kwetu hupitia kwanza Kiingereza. Usikitegemee peke yake mwaka wa kwanza. Lakini usikiache pia, kwa sababu huko mko wachache. Chuo Kikuu cha Osaka hufundisha Kiswahili kama fani kamili, hivyo Wajapani wanaojua Kiswahili wapo, nao ndio watakaofasiri kuja Kijapani. Nafasi yako ni upande wa kuja Kiswahili: maelekezo ya mashine za kilimo, miongozo ya mafunzo ya miradi ya ushirikiano, mabango ya usalama viwandani. Mkulima wa Nachingwea anayesoma maelekezo ya pawatila yake anahitaji Kiswahili anachokisema mwenyewe. Upande wa Kiingereza, usijiandike kuwa ni lugha yako ya kwanza kama si kweli. Tafuta mhariri mmoja mzuri, mlipe sehemu ya malipo yako, na mwambie mteja wazi kwamba kazi hupita mikono miwili. Ila mwombe mteja ruhusa kwanza, kwa sababu ya mkataba wa siri.

Bei. Kijapani kikiwa chanzi, hesabu kwa herufi za chanzi. Ukurasa wa desturi ni herufi 400, ambazo kwa Kiingereza hutoa maneno kama 160 hadi 200. Kwa Kiswahili maneno huwa machache zaidi, maana viambishi vyetu hushikana na kitenzi: "hatujaipokea" ni neno moja kwetu. Kwa hiyo mteja akikupa bei ya kila neno la tafsiri, ileile ya Kiingereza, utapunjwa. Omba bei ya herufi za chanzi. Muda ujipime kwa saa ya mkononi, kufasiri pamoja na kupitia. Ikiwa herufi 400 zinakuchukua saa moja na robo, basi saa sita za kazi ni herufi 1,920. Kazi ya herufi 4,000 ahidi siku tatu, usiahidi mbili. Kwa mfano tu wa hesabu, yeni 6 kwa herufi hufanya yeni 24,000. Anza na kipato unachohitaji kwa mwezi, kigawe kwa herufi unazoziweza kweli, uone bei isiyoshuka chini yake.

Desturi ya kampuni nyingi za Japani ni kufunga hesabu mwisho wa mwezi na kulipa mwisho wa mwezi unaofuata. Kazi uliyowasilisha tarehe 3 Aprili italipwa tarehe 31 Mei. Panga matumizi ukijua hivyo. Uliza mapema makato ya benki yanabebwa na nani. Kwenye fomu ya benki, OUR ni mlipaji, BEN ni wewe, SHA mnagawana. Malipo madogo madogo huliwa na makato, basi omba yalimbikizwe. Na TIN uwe nayo tangu mwanzo.

Tokyo iko mbele yetu saa sita. Kazi ya kuwasilishwa Ijumaa saa tatu asubuhi kwa Tokyo, hapa Mtwara ni saa tisa za usiku wa kuamkia Ijumaa. Kwa maneno mengine itoke Alhamisi kabla hujalala. Weka bando la mitandao miwili, chaji kila kitu mchana, na tuma saa mbili kabla ya muda, kwa sababu umeme ukikatika mteja hataujua.

Mashine inafasiri, ndiyo, na utaletewa kazi za kusahihisha ilichoandika. Inaweza kuruka sentensi nzima na kilichobaki kikasomeka laini, inabuni mtenda pale Kijapani kilipomficha, na inabadilisha istilahi kati ya ukurasa na ukurasa. Haya yote hukamatwa na mtu anayelijua jambo, na ndiyo maana fani inahitajika sasa kuliko zamani. Kabla ya kukubali bei ya usahihishaji, jipime na herufi 400 za mashine ileile. Muda ukitoka sawa na wa kufasiri mwenyewe, bei nayo iwe sawa. Na hati ya mteja usiibandike kwenye mashine ya bure ya mtandaoni. Huko ni kuivujisha, na mkataba wa siri umekwisha kuvunjika.

Karatasi za minada ya magari endelea nazo, ni msaada kwa majirani na ni pesa ya papo hapo, lakini toza kwa karatasi na usiziite ubobezi wa magari. Daraja la R au RA ni gari lenye historia ya matengenezo makubwa. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni palipobonyea, W ni palipowahi kunyooshwa, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa, na namba ya pembeni ikipanda kasoro imekua. "Sōkō fumei" maana yake kilomita haziaminiki. Nyumba za mnada hutofautiana kidogo katika alama, na maelezo mengi huandikwa kwa mkono. Usipoweza kulisoma neno andika "halisomeki". Usikisie, kuna mtu anatoa milioni zake kwa kukuamini.

Wasifu mpya uanze na mstari huu: Mfasiri wa Kijapani kwenda Kiswahili na Kiingereza, ubora na usalama wa chakula, hasa ufuta na korosho, miaka minne ya maabara. Chini yake taja aina za hati unazofasiri, kasi yako kwa siku, programu unayotumia, na saa zako za kazi kwa saa za Tokyo. Maneno hayohayo yaweke kwenye orodha ya wanachama ya JAT, chama cha wafasiri cha Japani cha tangu 1985, ukishajiunga, kwa kuwa wateja hutafuta humo kwa fani. Tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho usiweke, maana wapo wanaonakili wasifu wa wafasiri, wakabadilisha anwani ya barua pepe tu na kuomba kazi kwa jina lisilo lao. Tuma kama PDF, kichwa cha barua pepe kiwe na lugha na fani, na uitume usiku wa Jumatatu kabla ya kulala, ili Tokyo wakifungua ofisi Jumanne asubuhi waikute juu.